Shingo Niliyoona Haya Kuifunua

Vijana wa thieta mliniaga kwa keki, hotuba tatu na saa ya ukutani, ambayo ni zawadi ya ajabu kumpa mtu asiye na pa kuwahi tena. Katikati ya keki mmoja wenu akaniuliza mbele ya watu, "Bi. Rukia, miaka yote hiyo ya kutia watu nusukaputi, kikubwa ulichojifunza ni kipi?" Nikajibu, "Kutazama shingo." Mkacheka sana, maana ni nyinyi mlionibandika jina la Bi. Shingo mkidhani sisikii. Nilikuwa nasikia, na wala sikuwa natania. Nimekaa nyumbani wiki mbili sasa, nimeshafagia hata pasipo na taka, na jibu lile limekuwa likinikera kwa sababu lilikuwa nusu tu. Nimechukua daftari nimalizie nusu ya pili.

Msitafute humu habari za vyeo. Vilikuja, vingine vilichelewa, na barua zake ziko kwenye sanduku ambalo mchwa ndiye mwenye ufunguo. Nitaeleza kazi.

Niliingia thieta, chumba cha upasuaji, mwaka 1985, nikitokea wodi ya wanawake. Sikuomba. Aliyeniomba ni Bwana Vuai, mtu wa Makunduchi, mwembamba, kofia ya kiua haitoki kichwani ila ndani ya thieta, ambako aliibadilisha kwa kofia ya kitambaa cha kijani na kuonekana mnyonge kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa akilaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi katika hospitali yetu. Alianza kazi kwa kusukuma machela, akajifunza usingizi kwa kusimama nyuma ya madaktari wa kigeni mmoja baada ya mwengine, na walipoondoka akabaki yeye na vifaa vyao. Alinitaka mimi kwa sababu moja, na aliitaja siku ya kwanza bila ya kuzunguka.

"Wewe mwanamke," alisema. "Wagonjwa wanawake ni wako. Mimi siwezi kumwambia mke wa mtu ajifunue nimtazame. Wewe unaweza. Kazi yako ya kwanza ndiyo hiyo."

Kazi ya pili ilikuwa kukaa. Alinikalisha kwenye kibao kichwani pa mgonjwa, akanishika mkono akauweka juu ya kifua cha huyo mgonjwa, akaniambia nifumbe macho. "Niambie anapumua au hapumui." Saa nzima. Nikifumbua macho ananigonga bega. Wiki mbili nilifanya hivyo tu, na nyumbani mamangu akanikamata nimeuweka mkono juu ya kifua cha dadangu aliyelala, akadhani nimepagawa.

Vifaa vyetu mngeviona mngelia au mngecheka. Mashine moja yenye mifuo ya mpira iliyojikunja na kujikunjua, chupa ya etha ya kulazia watu, na baadaye halotheni, dawa mpya zaidi, ikipatikana. Mabomba ya mpira mekundu tuliyatia kooni mwa mgonjwa, tukayatoa, tukayaosha, tukayachemsha, tukayaanika dirishani kama pweza. Laringoskopu, ile taa yenye ulimi wa chuma ya kutazamia koo, ilikuwa moja, na balbu yake haikuwaka mpaka uigonge kwenye paja. Betri zake Bwana Vuai alitembea nazo mfukoni mwa shati, kwa sababu zikilala thieta asubuhi zilikutwa ndani ya redio ya mtu.

Alinifundisha kumkagua mgonjwa siku kabla ya kumlaza, kitandani pake: fungua mdomo, tazama meno, halafu shingo. Ipapase shingo mpaka ulijue koo la hewa liko wapi, kwa sababu ukishamlaza mtu na kumlegeza viungo hapumui tena peke yake. Wewe ndiye utakayempumulia, na hewa yako itapita hapo tu. Wanaume niliwapapasa wote bila taabu. Wanawake, hasa watu wazima, nilifanya mdomo na meno. Shingo ikawa inategemea. Wodi zilikuwa wazi, wageni wakiingia na kutoka, na mwanamke mtu mzima wa mjini amejitanda mtandio wake mpaka chini ya kidevu. Kumwambia aufungue, mbele ya shemeji zake na za jirani? Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitazama kwa juu juu nikaandika "sawa".

Sasa nafika pahala penyewe.

Mwaka wangu wa tatu aliletwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani. Sote tuliosoma kwake, Kiponda, katika kile chumba cha chini cha nyumba ya mawe, tulimwita Bi. Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo kwa sasa; jina lake nitalitaja, sababu yake mtaiona. Alinipokea nina miaka sita. Alikuwa na fimbo ya henzirani, ndefu, iliyofika safu ya mwisho bila yeye kuinuka, na ilinifikia mara nyingi, kwa haki. Kusoma kwangu kote, hata kule kukaa saa nzima na mkono juu ya kifua cha mtu, kulianzia kwake, kwenye kujifunza kutulia.

Ngiri yake ilikuwa imekwama tangu alfajiri. Tumbo limejaa, anatapika, inabidi apasuliwe asubuhi ile ile. Nikaenda kumkagua. Pembeni mwa kitanda walisimama ndugu zake wawili wa kiume, na kitanda cha pili kulikuwa na wageni wanaume watatu wanaomwangalia mtu wao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Rukia? Ndiye wewe utakayenilaza?"

"Naam, Mwalimu."

"Alhamdulillahi," akawageukia nduguze. "Basi nimo mikononi mwa mwanangu."

Akafungua mdomo. Meno machache, hayana tatizo. Nikainua mkono kuelekea kwenye mtandio wake, mweupe, amejitanda mizunguko miwili na kuufutika. Mkono ukasita. Miaka yote ile chuoni sijawahi kuiona shingo ya Bi. Mwalimu, na nilihisi kama nataka kumvua nguo mbele ya wanaume. Nikajiambia, huyu namjua tangu utotoni, shingo yake itakuwa na nini? Nikaandika "sawa".

Thieta mhudumu aliposhika mtandio autoe, nikamzuia. Maneno yangu nayakumbuka. Nilisema, "Mwacheni na stara yake mpaka alale." Kila mtu aliona nimefanya uungwana. Bwana Vuai mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nikampa dawa ya kulala, halafu ya kulegeza viungo. Pumzi yake ikasimama, kama inavyotakiwa. Ndipo nikaufungua mtandio.

Chini yake palikuwa na rovu, uvimbe wa tezi la shingo, kubwa kama tunda la danzi, limekaa upande wa kushoto na kulisukuma koo la hewa kusikojulikana. Alikuwa akilificha kwa ile mizunguko miwili. Akiwa amekaa alipumua bila ya taabu. Amelala chali, amelegea, lilimkandamiza lote. Nikabana mfuko wa hewa, haukwenda. Nikatia laringoskopu nikaona nyama tu. Bwana Vuai akanisukuma, akajaribu yeye, mara mbili. Daktari wa upasuaji akachukua kisu akakata katikati ya shingo, pale vitabu vinaposema koo la hewa lilipo. Katikati palikuwa na damu. Koo la hewa halikuwapo katikati.

Bi. Mwalimu alikufa kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Bwana Vuai alitoka nje kuzungumza na watu wa marehemu. "Moyo umeshindwa," aliwaambia. Nilikuwa nyuma yake, nikamwacha aseme. Kando ya wale ndugu wawili alisimama binti wa marehemu, Thuwaiba, miaka kumi na mitano, ameshika ndara za mamake. Akaniuliza mimi, kwa kuwa katika sisi alinijua mimi, "Mama keshaamka?" Nilimpita. Nawaandikia hivi ilivyokuwa: nilimpita bila ya kumjibu.

Nilitaka kuacha kazi. Bwana Vuai akaniambia nenda nyumbani, ulie, Jumatatu uje. Jumatatu nilikuja, na nilikuja na doti ya khanga niliyoinunua Darajani njiani. Kipande kimoja nilikishona mshipi nikakifanya pazia la kuning'iniza kitandani. Tangu siku ile sikumlaza mtu, mwanamke wala mwanamume, maskini wala sharifu, kabla sijaiona shingo yake kwa macho na kuipapasa kwa vidole, naye yu macho na anapumua. Wageni wote nje. Pazia juu. "Fungua, mama." Nilisema kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili bila upole.

Nilikorofishana na watu wengi. Bwana mmoja aliniambia mkewe hajifunui, basi. Nikamwambia sawa, basi nitakulaza wewe nikupasue wewe, yeye atakaa akungojee. Alikwenda kunishitaki, hakusikilizwa, akarudi akasimama nje ya pazia. Bibi wa Jambiani, mkulima wa mwani, aliifungua khanga yake kabla sijamwambia, akasema, "Mwanangu, nshazaa watoto wanane humu humu, shingo ndio nikufiche?" Na katika miaka hiyo nilikuta marovu manne yaliyofichwa na makovu mawili ya moto yaliyokaza shingo, ambayo yangeliweza kuniulia mtu. Pazia limechakaa mara saba. La nane liko kwenye droo ya tatu, mnaliita tambara. Lifueni.

Miaka ya tisini tukapata kile kibano cha kidole kinachopiga kelele oksijeni ikishuka. Bwana Vuai hakukiamini, akaendelea kuuweka mkono kifuani, na siku kilipomwambia mgonjwa amekufa ilhali mgonjwa anaomba maji, alifurahi mwezi mzima. Kisha akastaafu, akahamia kwa mwanawe Mtoni, na betri zake akaniachia mimi.

Lakini vidole vina mwisho wake. Shingo nene, au yenye rovu kubwa, unaipapasa unakuta ulaini tu. Unajua pana jambo, hujui koo liko wapi. Nilikuwa nikiwaogopa wagonjwa hao wazi wazi. Wengine tuliwarudisha, wengine wakavushwa Dar es Salaam, wengine hawakurudi kwetu tena wala sikuuliza.

Baada ya mwaka elfu mbili wodi ya wazazi ikapata mashine ndogo ya ultrasaundi, unaibeba kwa mkono mmoja mpaka kitandani. Daktari wa kike, mgeni, alikuja wiki chache kuwafundisha wakunga kutazama watoto tumboni. Nilikwenda kumtazama anavyotazama. Mashine ilikuwa na vichwa viwili: kimoja cha duara cha tumbo, na kimoja bapa ambacho hawakukitumia kabisa, kimekaa kwenye plastiki yake. Nikamuuliza kile bapa cha nini. Cha vitu vilivyo karibu na ngozi, alisema. Nikamuuliza, kama shingo? Akanitazama, akanikalisha kitini, akaniambia mimi nifungue mtandio.

Niliufungua. Akanipaka jeli ya baridi, akaweka kile kichwa kwa urefu katikati ya shingo yangu, akanigeuzia kioo. Nikaona vipande vyeusi vya mviringo vimepangana, kimoja kikifuata chengine, kama tasbihi iliyotandazwa. Pete za koo langu la hewa. Zipo pale. Miaka yote nilikuwa nazitafuta kwa vidole kama mtu aliyepoteza sindano kizani. Akageuza kichwa kwa mapana, nikaona upinde mweupe na nyuma yake kiza. "Hewa yenyewe haionekani," alisema. "Utaona mlango wake tu." Nikamwambia mlango unanitosha.

Nilijifunza kwa shingo yangu mwenyewe na kioo cha kujitazamia, saa ya mapumziko, miezi mingi. Halafu nikaingia kwa wenzangu. Hakuna mfanyakazi wa thieta wa miaka ile ambaye sikuijua shingo yake. Baadhi yao walianza kula chakula chao bustanini. Mwenye mashine alikuwa Sista Mgeni, mkuu wa wodi ya wazazi, na aliilinda kama mahari.

"Mashine hii ya kutazamia watoto, Bi. Rukia," aliniambia. "Kwani una mtoto shingoni?"

"Nna mtu mzima," nikamwambia. "Nnamtafuta tangu zamani."

Hakunielewa, lakini akanipa. Jeli yake ilipokwisha akanifungia tena, nikapika uji mwepesi wa unga wa muhogo, nikauchuja na kuupoza, nikaja nao kwenye kopo. Ulifanya kazi vizuri sana. Sista Mgeni alivunjika mbavu, na tangu hapo hakuninyima.

Ndipo siku moja, kliniki ya upasuaji, akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka Chukwani. Nilimsikia kabla sijamuona. Pumzi yake ilikuwa na filimbi, ikiingia na ikitoka. Dk. Saleh, mpasuaji wetu wa wakati huo, alimwambia akae, akakaa kwenye ukingo wa kiti, shingo mbele, kama anayenyemelea hewa. Rovu. Alikuwa akisomesha chuo nyumbani kwake, na wanafunzi wake walishaanza kumuigiza ile filimbi. Halali tena kitandani. Analala ameegemea ukuta. Dk. Saleh alimweleza kwamba tezi limeanza kuliziba koo, na lisipotolewa litaliziba lote. Lini hajui, lakini si mbali.

"Nshasikia," mwanamke alisema. "Sitaki. Mamangu kaingia humo kwa ngiri, akatoka kwenye jeneza. Bora nifie ukutani pangu."

Nikalitazama faili, ingawa sikuwa na haja. Macho yalikuwa ya mamake. Alikuwa Thuwaiba.

Hakunikumbuka, au alijifanya. Nilimwambia Dk. Saleh amlaze wodini siku mbili kwa vipimo tu, hivyo hakuvikataa, nikapanda gari mpaka Mtoni kwa Bwana Vuai. Nilimkuta ukumbini, amezeeka, anaparura mbata za nazi kwa kisu. Nikamwambia nani kaja. Akaweka kisu chini.

"Nnataka kumwambia kweli," nilisema.

"Ya kazi gani leo?"

"Hawezi kuniamini kwa uwongo. Na asiponiamini atakufa."

Akafuta mikono, akasema, "Mimi nlisema moyo kwa ajili yako. Ulikuwa mtoto. Nkaona watu wakijua, hutogusa tena mgonjwa maisha yako. Nkakuhifadhi."

"Ulinihifadhi mimi, Bwana Vuai. Wao nani aliwahifadhi?"

"Haya, kamwambie," alisema mwishoni. "Na mimi nitaje. Usijibebeshe peke yako."

Asubuhi yake nilikwenda kitandani kwa Thuwaiba na pazia langu na mashine ya Sista Mgeni. Sikutundika pazia mara moja. Nilikaa kwenye kiti kama mwanafunzi, mimi niliyeitwa mkali wodi nzima.

"Mimi Rukia. Nlisoma kwa mamako."

"Nnakujua," akasema. Filimbi. "Nlikuuliza kitu siku ile. Hukunijibu."

"Nnakujibu leo. Mamako hakufa kwa moyo. Alikuwa na rovu kama lako, chini ya mtandio. Mimi ndiye niliyetakiwa kulitazama kabla sijamlaza. Sikulitazama. Niliona haya kumwambia afungue. Nikampa dawa, pumzi ikafungika, hatukuweza kuifungua. Bwana Vuai alisema moyo ili kunificha mimi, nami nikakubali kufichwa."

Hakulia. Alinitazama, filimbi ikipanda na kushuka.

"Uliona haya," akasema. "Kwa mamangu."

"Naam."

"Mamangu alilifunga lile kwa kuwa watoto walilicheka. Basi. Ungemwambia fungua, angefungua. Kwako wewe? Alikuwa akikusifu mpaka mimi nkikuchukia. Ungemwomba tu, Rukia!"

Sina la kuongeza kwenye maneno yale. Nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na kifo chenyewe. Miaka yote nilidhani nilichokosea ni kumstahi kupita kiasi. Kumbe sikumstahi hata kidogo. Nilimwamulia mambo yake bila ya kumuuliza.

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Badala yake aliinua mikono akaufungua mtandio wake, mwenyewe, mzunguko wa kwanza na wa pili, pazia halijatundikwa na wageni wamejaa wodini. "Haya," alisema. "Tazama. Tazama uzuri, uniambie unaona nini."

Nikatundika pazia haraka, nikapaka uji wangu wa muhogo, nikaweka kichwa cha mashine. Katikati hapakuwa na kitu, kama nilivyotarajia. Nikasogea kulia, taratibu, nikazikuta pete za tasbihi zimepinda, vidole viwili kutoka katikati. Nikamgeuzia kioo. "Hili hapa ndilo koo lako. Liko huku, na hapa pamebanwa." Nikapima upana wa pale palipobanwa, nikatafuta mishipa mikubwa inapita wapi, nikatafuta ule utando mwembamba chini ya kongomeo, lile fundo la kooni, ambapo kisu kingepita mambo yakiharibika. Nikautia alama ya kalamu kwenye ngozi, akiwa ameegemea vile vile atakavyokuwa thieta. Likumbukeni hilo: alama muitie katika mkao wa kazi, kwa sababu ngozi husogea na alama ikakudanganya.

Akatazama alama kwenye kioo changu cha mkononi. "Mmenipamba kama bi harusi," alisema. Kisha akauliza mpango.

Nikamwambia wote. Hutolala kwanza. Utakaa umeegemea, unapumua mwenyewe. Nitakufisha ganzi koo kwa dawa ya kupuliza, nikutie bomba jembamba ukiwa macho. Likishapita pale palipobanwa ndipo nitakulaza. Dk. Saleh atasimama na kisu juu ya alama tangu mwanzo. Ukinyanyua mkono, naacha.

"Nkikwambia acha, utaacha?"

"Ntaacha."

"Kesho," akasema.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, tulifanya hivyo hivyo. Bomba la kwanza lilifika pale nilipopaona kwenye kioo likagoma. Miaka ya nyuma ningelisukuma. Nililitoa, nikamwacha apumue, nikachukua dogo zaidi ambalo nilikuwa nimeliweka tayari kwa sababu ya kile kipimo. Nikalielekeza kulia, kuliko na koo lake, si katikati kuliko na mazoea yangu. Alikohoa. Akaninyanyulia jicho, mkono hakunyanyua. Likapita. Nikabana mfuko, na kifua kikapanda. Niliweka mkono wangu juu ya kifua kile, nikafumba macho kwa muda mfupi, halafu nikampa dawa ya kulala. Kisu cha Dk. Saleh kilibaki kisafi mpaka alipokihitaji kwa kazi yake mwenyewe.

Alipoamka bomba limeshatoka na filimbi haipo. Nilimwambia aseme chochote nisikie sauti yake. Ilitoka na mkwaruzo: "Mtandio wangu." Nikamjitanda mwenyewe, kilegevu, juu ya bendeji.

Siku ya kuruhusiwa alikuja ofisini kwetu, amesimama wima, hana haraka ya pumzi. Sikumuomba msamaha tena, nilishaomba wodini alipokuwa anapona. Yeye ndiye aliyeanza.

"Kusamehe nnamuomba Mungu anipe, sijapata bado," alisema. "Lakini nna shuruti moja. Wewe unafundisha vijana. Kila ukiwafundisha kutazama shingo, mtaje mamangu. Si Bi. Mwalimu. Jina lake. Wasidhani umeyatoa kitabuni."

Nikamwambia naam.

Vijana wangu, nimewafundisha tangu hapo mpaka nilipostaafu. Mmezishika shingo, mmekishika kichwa bapa cha mashine, mnautafuta ule utando na kuutia alama, na mnafanya vizuri kuliko mimi. Lakini kila nilipofika pahala pa jina ulimi ulikuwa mzito, nikasema "kulikuwa na mgonjwa mmoja". Hata mbele ya keki yenu nilisema "kutazama shingo" nikanyamaza. Ni haya ile ile iliyonishika mkono mbele ya mtandio mweupe, na nimeshaona inafanya nini. Basi nalitaja, na nyinyi mkiwafundisha watakaokuja, mlitaje.

Aliitwa Aziza binti Nassor, mwalimu wa Kiponda. Nilikuwa na kazi ya kumwambia afungue mtandio wake, sikumwambia, akafa mikononi mwangu. Moyo wake ulikuwa mzima.